Ni Nani Aliyelikimbiza Gari?

Siku utakapopanda gari la otomatiki, mwanangu, mtazame dereva mguuni. Akishawasha injini atakanyaga breki kwanza, ndipo akamate kijiti cha gia kilichosimama kwenye herufi P. Mwombe ajaribu kukitoa hapo bila kukanyaga breki. Kitagoma. Atakivuta, atakisukuma, wapi! Breki ikikanyagwa tu, kinalegea.

Usidhani magari yalizaliwa na adabu hiyo. Yalifundishwa, na ada ya somo lenyewe ilikuwa kubwa. Kaa vizuri nikusimulie kesi ya gari linalokimbia bila ruhusa ya dereva. Ni kesi yenye washukiwa watatu, na wote watatu walipandishwa kizimbani: mguu, kapeti na kompyuta.

Mshukiwa wa kwanza: mguu

Miaka ya 1980 huko Marekani palikuwa na gari la Kijerumani lililopendwa na watu wenye uwezo wao. Jina lake Audi 5000. Lilikuwa gari tulivu, la heshima, la kupelekea watoto shule na wazee hospitali. Mara zikaanza kusikika habari za kutisha. Mtu anaingia garini, anawasha, anatoa gia kwenye P, na papo hapo gari linachomoka. Linavunja mlango wa gereji, linaparamia ukuta, linagonga lililo mbele yake. Katika mkasa mmoja uliowaliza wengi, mama alimgonga mwanawe wa miaka 6 aliyekuwa ameshuka kumfungulia mlango wa gereji, na mtoto akafariki.

Waliotoka salama katika ajali hizo walisema jambo moja: walikanyaga breki, tena kwa nguvu zao zote, na gari likazidi kukimbia.

Tarehe 23 Novemba 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliirusha habari hiyo nchi nzima. Watazamaji walionyeshwa pedali ya mafuta ya Audi ikishuka chini yenyewe, hakuna mguu juu yake. Nani asingeogopa? Kitu ambacho hawakuelezwa ni kwamba mtaalamu aliyetayarisha onyesho hilo alikuwa ametoboa giaboksi na kuingiza hewa yenye shinikizo kubwa. Gari la kawaida barabarani halina tundu hilo wala mtungi huo. Lakini hofu ilikwisha kuruka. Mwaka 1985 Audi iliuza Marekani magari 74,061. Mwaka 1991 iliuza 12,283.

Sasa vaa kofia ya mpelelezi. Ungeanzia wapi?

Wachunguzi wa serikali ya Marekani, chini ya idara ya usalama wa barabarani iitwayo NHTSA, walianzia kwenye nguvu. Walilinganisha injini na breki. Watu wengi hudhani injini ndiyo yenye misuli kuliko kila kitu garini, kumbe breki inaishinda. Jarida la magari la Car and Driver lilikuja kulipima jambo hili mwaka 2009 kwa Toyota Camry yenye injini kubwa. Gari likiwa katika mwendo wa kama kilomita 112 kwa saa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, dereva akakanyaga breki. Gari lilisimama baada ya mita 58 hivi. Mafuta yakiwa yameachiwa, lilihitaji mita 53. Tofauti ni mita 5 tu!

Basi fikiria. Ili maneno ya wale madereva yawe kweli kama walivyoyasema, lazima mambo mawili yatokee katika sekunde moja: injini ipandwe na wazimu, na breki nayo ife. Injini na breki ni mitambo miwili tofauti. Tena, baada ya ajali, yote miwili ipone kabisa bila kuacha dalili, kwa sababu mafundi walipozikagua breki hizo walizikuta nzima. Inaingia akilini?

Mwaka 1989 ripoti ya wachunguzi ikatoka. Ilisema kwamba katika ajali nyingi za namna hii mguu ulikuwa kwenye pedali ya mafuta, na mwenye mguu aliamini kwa dhati kwamba uko kwenye breki.

Najua unachotaka kusema: mtu mzima asijue mguu wake uko wapi? Chukua karatasi uchore nukta moja katikati. Itazame vizuri, fumba macho, kisha inua kalamu juu na ujaribu kuigonga nukta. Rudia mara nyingi bila kufumbua. Ukifungua macho utakuta alama zimezagaa pande zote, na nyingine ziko mbali hata utashangaa, ingawa kila mara mkono ulikuhakikishia kwamba umelenga. Dereva haangalii miguu yake. Anatazama mbele au nyuma, na mguu unafanya kazi gizani. Mwaka huohuo wa 1989, Richard Schmidt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, aliandika makala ndefu kulieleza jambo hilo. Mguu ukikosea shabaha kidogo, akili haipati taarifa. Akili ilituma amri ya breki, na inaamini amri imetekelezwa. Gari linaposhtuka, mtu anafanya lile ambalo yeyote angefanya: anakandamiza zaidi hiyo anayodhani ni breki. Kadiri anavyokandamiza, ndivyo gari linavyokimbia, na ndivyo anavyozidi kuamini kwamba breki imekufa.

Kwa hiyo wale madereva hawakuwa waongo. Walisimulia kile walichokijua, na mguu haukuwa umewaambia kweli.

Ripoti haikuishia kwa dereva. Iliona kwamba pedali za Audi zilipangwa tofauti na zile Wamarekani walizozoea, kiasi kwamba mguu uliweza kupotea kirahisi. Iliona pia kwamba kifaa cha kurekebisha mwendo wa injini gari likiwa limesimama kiliweza kuharibika na kulipa gari msukumo mdogo usiotarajiwa. Msukumo huo peke yake usingebomoa ukuta, ila ulitosha kumshtua mtu, na mtu aliyeshtuka hukosea mguu.

Dawa ikapatikana, tena ya bei nafuu. Audi ikafunga kijiti cha gia kisitoke kwenye P mpaka breki ikanyagwe. Fikiria ujanja wake: ili gari liondoke, ni lazima mguu uwe umeshaifikia breki ya kweli. Hakuna aliyemhubiria dereva awe makini zaidi. Gari ndilo lililobadilishwa, kampuni nyingine zikaiga, na leo hata kigari kidogo kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam kina kizuizi hicho.

Mshukiwa wa pili: kapeti

Ingekuwa rahisi kufunga jalada hapo na kusema kila gari linalokimbia lina mguu wa kulaumiwa. Hilo ndilo kosa la mpelelezi mvivu: akishamkamata mwizi mmoja, kila kuku anayepotea kijijini anamsingizia yeye.

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego, California, familia moja ilikuwa barabarani katika Lexus ES 350. Lexus ni magari ya kifahari ya Toyota. Gari halikuwa lao. Waliazimwa na gereji wakati lao likitengenezwa. Na dereva hakuwa mtu wa kuchanganya pedali, kwani alikuwa polisi wa barabara kuu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Hata hivyo gari lilizidi kilomita 160 kwa saa na likakataa kupungua. Mmoja wao alipiga simu ya dharura na kueleza kwamba breki hazifanyi kazi. Watu wote wanne walifariki.

Safari hii mguu haukuwa na kosa. Wachunguzi walikuta kapeti ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya Lexus ya aina nyingine, kubwa zaidi, imewekwa miguuni pa dereva. Ilikuwa ndefu kupita kiasi. Pedali ya mafuta ilipokanyagwa hadi chini, ilinaswa na kapeti na haikuweza kurudi.

Lakini si nimekwambia breki inaishinda injini? Hapa kuna siri ya kujua. Breki ya gari ina msaidizi, kopo kubwa la duara ambalo mafundi huliita sevo. Injini ya petroli inapovuta hewa huku njia yake ya hewa ikiwa imezibwa nusu, huacha utupu nyuma yake, kama unavyofanya unapovuta soda kwa mrija uliobanwa. Sevo hutumia utupu huo kuuongezea mguu wako nguvu. Mafuta yakikanyagwa hadi chini, njia ya hewa inakuwa wazi kabisa na utupu unatoweka. Sevo inabaki na akiba kidogo tu. Ukikanyaga breki na kuachia, ukakanyaga tena na kuachia, akiba inakwisha, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Halafu breki ikishikwa nusunusu kwa muda mrefu katika mwendo mkali, inapata moto hadi inaungua. Breki hushinda injini inapokanyagwa mara moja, kwa nguvu, mapema.

Kinachouma zaidi ni hiki. Siku chache kabla ya hapo, mteja mwingine aliazimwa gari hilohilo, na pedali ikanaswa vilevile. Yeye aliwahi kulipunguza mwendo kwa breki, akaweka gia ya N, akasimama pembeni na kuikwamua kapeti. Aliporudisha gari alitoa taarifa mapokezi. Taarifa ikaishia hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulionekana, ukatajwa kwa mdomo, na bado hakuna aliyeuziba.

Baada ya ajali hiyo Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa. Mwezi Januari 2010 ikaita mengine milioni 2.3 huko Marekani kwa sababu nyingine kabisa: ndani ya baadhi ya pedali kulikuwa na kipande kilichochakaa kwa msuguano, na pedali ikawa inarudi kwa uvivu au inakwama. Tarehe 24 Februari 2010 rais wa kampuni, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi wake, alikaa mbele ya Bunge la Marekani na kuomba radhi. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu matatizo hayo ya kapeti na pedali.

Mshukiwa wa tatu: kompyuta

Watu bado hawakuridhika. Kapeti inaeleza ajali kadhaa, pedali zinazokwama zinaeleza nyingine. Vipi zile ambazo hazina hiki wala kile?

Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta ilivuta waya wa chuma, na waya ukafungua kilango kidogo kwenye njia ya hewa ya injini. Ungeweza kuuona kwa macho na kuupaka grisi. Magari ya sasa hayana waya huo. Pedali ina vipimio viwili vinavyoieleza kompyuta umekanyaga kiasi gani, na kompyuta ndiyo inayoamuru mota ndogo ifungue kilango. Vipimio ni viwili kwa makusudi, ili kimoja kikidanganya kingine kikikane, na kompyuta ikiona haviafikiani inapunguza nguvu za injini. Lakini kompyuta yenyewe ikikosea, nani ataikana?

Serikali ya Marekani ikawaita watu wanaopeleka vyombo angani, wahandisi wa NASA. Kwa miezi 10 walisoma zaidi ya mistari 280,000 ya programu ya Toyota na kuyapiga magari kwa mawimbi ya umeme waone kama yatachanganyikiwa. Katika pedali moja iliyoharibika walikuta kitu cha ajabu: unywele mwembamba wa madini ya bati, ulioota wenyewe ndani ya saketi na kuunganisha sehemu mbili zisizopaswa kugusana. Bati huota nywele hizo, na wahandisi wa angani wanazijua vizuri. Hata hivyo kasoro hiyo peke yake haikutosha kulikimbiza gari. Ripoti ilitoka tarehe 8 Februari 2011, ikasema hawakukuta hitilafu ya elektroniki inayoweza kufungua kilango cha injini kwa kiwango kikubwa hivyo. Wachunguzi pia walisoma kumbukumbu za vinasa-matukio vya magari 58 yaliyopata ajali, na katika zaidi ya nusu yake breki haikuwa imeguswa kabisa. Mguu tena!

Wahandisi wa NASA waliongeza tahadhari moja ambayo wengi huisahau. Walisema kwamba kutokuta ushahidi si sawa na kuthibitisha kwamba jambo haliwezekani.

Na kweli, mwezi Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma lilisikiliza kesi ya Camry ya mwaka 2005 iliyopata ajali. Barabarani kulikuwa na alama ndefu za tairi, dalili kwamba dereva alipambana kulisimamisha. Mtaalamu wa programu, Michael Barr, alieleza jinsi programu ya gari hilo ilivyoandikwa vibaya, na jinsi hitilafu ndogo katika kumbukumbu ya kompyuta ingeweza kuua kazi moja muhimu huku mengine yakiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wazee wa baraza waliiona Toyota inawajibika, wakaamuru walalamikaji walipwe dola milioni 3. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo juu ya mshukiwa huyu. Mimi nakupa ushahidi wa pande zote mbili, uupime mwenyewe.

Likitokea mbele yako

Wewe huendeshi bado, lakini unakaa pembeni ya anayeendesha, na katika hofu mtu aliyetulia ni hazina. Gari likikimbia bila kuamriwa, mambo ni haya, kwa mpangilio huu.

Breki ikanyagwe kwa mguu wenye nguvu, mara moja, bila kuachia na bila kupampu. Kisha gia iwekwe N, ile madereva wanayoiita fri. Injini italia kwa sauti ya kutisha, ilie tu, kwa kuwa haisukumi tena matairi. Gari lielekezwe pembeni na lisimame, ndipo injini izimwe. Ufunguo usichomolewe gari likiwa bado linakwenda, maana usukani unaweza kujifunga. Katika magari ya kuwasha kwa kitufe, mara nyingi kitufe hulazimika kubonyezwa na kushikiliwa kama sekunde 3 ili injini izimike likiwa mwendoni. Kukigusa mara moja kunaweza kusifue dafu.

Kabla ya safari, chungulia chini ya miguu ya dereva. Kapeti imefungwa mahali pake, au inateleza? Kuna nyingine imetandikwa juu yake? Chupa ya maji iliyobingiria chini ya breki ina hatari zaidi ya inavyoonekana, na kandambili inayochomoka mguuni nayo si kiatu cha kuendeshea gari.

Kinga ya ajali

Watu wazima hupenda kusema ajali haina kinga. Nimeisikia kauli hiyo misibani, na ninaelewa kwa nini inafariji. Lakini ukiipeleka kwa wahandisi, hawaikubali.

Tarehe 19 Aprili 2019, katika eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 alipoteza udhibiti wa Prius yake, na mama na mtoto wake mdogo wakauawa. Mzee alisema alikanyaga breki. Mahakama iliupima ushahidi na mwaka 2021 ikamhukumu kifungo cha miaka 5, ikisema alikanyaga mafuta. Huo ni mguu uleule wa miaka ya 1980, katika nchi yenye wazee wengi wanaoendesha. Hukumu ilitolewa, lakini Wajapani walijua kwamba kumfunga mzee mmoja hakumzuii mzee mwingine kukosea kesho. Wakaamua kwamba kuanzia mwaka 2028 magari mapya ya otomatiki yawe na kifaa kinachotazama mbele. Gari likiwa limesimama karibu na ukuta au gari jingine, na mafuta yakakanyagwa ghafla hadi chini, kifaa kinazuia nguvu ya injini. Gari linakataa kutii amri ambayo mwenyewe, angetulia kidogo, asingeitoa.

Magari mengi ya Afrika Mashariki hutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Piga hesabu: utakapopata leseni, magari yenye kifaa hicho yatakuwa yanashuka melini Mombasa na Dar es Salaam. Na siku moja fundi atakwambia kile kidude kinapiga kelele bure, akikate tu ili gari liwe huru. Mkatalie, kisha msimulie kesi hii.